Mwaka wa Hilux Hausomwi Usoni

Toyota Hilux ilianza kuuzwa Japani Machi 1968, na tangu hapo imeundwa upya mara nane. Vizazi hivyo tisa havikulingana umri: cha kwanza kilidumu miaka minne tu, cha saba kikakaa sokoni miaka kumi na mmoja. Katikati ya vizazi hivyo kulifanyika marekebisho madogo ya taa, grili na bampa, na katika mwaka mmoja yaliuzwa maumbo kadhaa kwa pamoja: kebini moja, kebini na nusu, kebini mbili, yenye bodi ya nyuma na isiyo nayo. Kwa hiyo pikapu mbili zilizoegeshwa gereji zinaweza kuwa za mwaka mmoja na zisifanane hata vitasa, na nyingine mbili zinazofanana kama pacha zikawa zimepishana miaka sita.

Wengi huitambua pikapu kwa kuitazama mbele, na hiyo ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Grili, taa, bampa na boneti hufungwa kwa bolti. Hubadilishwa baada ya ajali, hubadilishwa zikichakaa, na hubadilishwa pia pale mwenye gari anapotaka lionekane jipya kuliko lilivyo. Kebini yenyewe, milango, mishono ya bodi, ekseli ya mbele na namba ya chesisi ni vigumu zaidi kuvigusa. Anayetaka kujua umri wa Hilux huanzia huko, na kila kimojawapo kina historia yake.

Hilux haikubuniwa na Toyota peke yake. Oktoba 1966 Toyota ilishirikiana na Hino, kampuni ya malori iliyokuwa na pikapu yake ndogo iitwayo Briska. Toyota nayo ilikuwa na Stout na mdogo wake, Light Stout. Kuendelea kutengeneza magari mawili ya kazi ileile hakukuwa na faida, hivyo Briska na Light Stout zikaondolewa na nafasi yao ikachukuliwa na gari moja jipya, ambalo Hino ilikabidhiwa kulisanifu na kuliunda katika kiwanda chake cha Hamura, magharibi mwa Tokyo. Injini ilikuwa ya petroli ya lita 1.5. Siti ilikuwa benchi moja la watu watatu, na fimbo ya gia ilikuwa kwenye nguzo ya usukani ili aliyekaa katikati apate pa kuweka miguu. Mzigo ulioruhusiwa ulikuwa tani moja, na kipimo hicho cha tani moja kimebaki kuwa ndicho kinacholitaja daraja la magari haya hadi leo.

Umbo la kizazi hicho cha kwanza lilitawaliwa na sheria ya Japani kuliko na msanifu. Gari lililotaka kuhesabiwa katika daraja dogo, lenye kodi nafuu, lilipaswa lisizidi urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7. Hilux za mwanzo zote ni nyembamba kwa sababu hiyo. Mbele zina taa nne za duara, mbili kila upande, na kebini ni moja tu, ya milango miwili. Aprili 1969 liliongezwa toleo refu lenye nafasi kubwa zaidi ya mzigo nyuma. Tofauti yake na lile fupi huonekana kwa kutazama masafa kati ya tairi la mbele na la nyuma, wala si kwa kutazama kebini, maana kebini ni ileile.

Kizazi cha pili kilikuja Mei 1972. Kilikuwa na mistari laini zaidi, kebini yenye starehe kiasi, na kwa mara ya kwanza mnunuzi aliweza kuagiza gia za kujibadilisha zenyewe. Kwa mtafiti wa maumbo, jambo la kuvutia katika miaka hii halikutokea Japani bali Marekani, ambako Hilux ilikuwa ikiuzwa tangu 1969. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya Magharibi zilipandisha ushuru wa kuku walioagizwa kutoka Marekani. Rais Lyndon Johnson akalipiza kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa kadhaa za nje, yakiwemo malori madogo, na ushuru huo ukaanza kutozwa 1964. Ugomvi wa kuku ukaisha. Ushuru wa malori ukabaki.

Wajapani wakatafuta mwanya. Pikapu iliyoingizwa bila bodi ya nyuma, yaani kebini na chesisi tupu, haikuhesabiwa kuwa lori kamili na ilitozwa asilimia 4 tu. Hivyo Hilux zikawa zinavuka Pasifiki zikiwa uchi mgongoni, na kuanzia 1972 karakana moja ya Long Beach, California, ikawa inatengeneza bodi za nyuma na kuzifunga palepale kabla gari halijapelekwa kwa muuzaji. Mwaka 1980 forodha ya Marekani iliuziba mwanya huo kwa kuamua kwamba kebini na chesisi nalo ni lori. Lakini Hilux za Marekani za miaka hiyo minane zimebaki na alama ya hila ile: nusu ya mbele imetoka nchi moja na nusu ya nyuma nchi nyingine, na sehemu za bodi ya mzigo haziingiliani lazima na zile za gari la umri uleule lililouzwa Afrika au Australia. Katikati ya miaka ya 1970 Toyota iliacha hata kulitumia jina la Hilux huko Marekani. Gari likaitwa pikapu ya Toyota, basi, hadi Tacoma ilipochukua nafasi yake 1995.

Agosti 1978 kilianza kizazi cha tatu, na hapa ndipo Hilux inapoanza kufanana na gari ambalo watu wa Afrika Mashariki wanalifahamu. Mwaka 1979 liliongezwa toleo linalovuta tairi zote nne. Kabla ya hapo aliyetaka gari la aina hiyo kutoka Toyota alilazimika kununua Land Cruiser, iliyokuwa nzito na ghali zaidi. Hilux hii ilisimama juu, na mbele ilikuwa na ekseli nzima, bomba moja la chuma kutoka tairi hadi tairi likiwa na difu yake, limekalia springi za mabapa kama za nyuma. Mpangilio huo ulitikisa abiria bila huruma, lakini ulivumilia mashimo, mawe na mzigo uliopita kiasi. Injini ya dizeli ya familia ya L ilitokea wakati huohuo, na herufi hiyo L itaonekana tena katika namba za chesisi kwa miaka zaidi ya ishirini na tano.

Kizazi cha tatu chenyewe kina nyuso mbili. Za mwanzo zina taa mbili za duara, moja kila upande. Za mwishoni, baada ya marekebisho ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, zina taa za pembe nne. Ni katika kipindi hicho pia ambapo ilitokea Hilux yenye milango minne, ile ambayo Waswahili wengi huiita dabo kebini. Kuongezwa kwa milango miwili hakukuwa jambo dogo. Chesisi haikurefushwa kwa kiasi cha nafasi yote iliyoongezwa kwenye kebini, kwa hiyo bodi ya mzigo ndiyo iliyolipa: ikafupishwa. Tangu wakati huo kila Hilux ni mapatano kati ya watu na mizigo, na umbo la gari linaonyesha upande ulioshinda. Mashirika ya misaada, wizara na kampuni za ujenzi zilitaka gari moja lipeleke wahandisi wanne na vifaa vyao kwa safari moja. Mkulima na mfanyabiashara wa sokoni waliendelea kutaka bodi ndefu.

Kizazi cha nne, cha mwishoni mwa 1983, kiliacha mviringo wa zamani. Boneti imelala bapa, pembe za kebini zimenyooka, na mistari ya ubavuni inakwenda sawa kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Mwaka 1984 Marekani ilipata kebini na nusu: milango ni miwili tu, lakini nyuma ya siti kuna nafasi ya kuweka mizigo isiyotakiwa kulowa mvua, na ubavuni kuna dirisha dogo la ziada. Dirisha hilo ndilo alama ya haraka ya umbo hili, ukiitazama pikapu kutoka mbali. Mwaka huohuo Hilux Surf ikazaliwa kutokana na pikapu hii kwa kuifunika nyuma. Surf za kwanza zilikuwa na paa la nyuma linalofunguliwa na kuondolewa.

Kuanzia mwishoni mwa 1985 toleo la Marekani lenye kuvuta tairi zote nne liliacha ekseli nzima ya mbele. Kila tairi la mbele likapata mkono wake, na kazi ya springi ikafanywa na fito za chuma zinazojisokota. Barabarani gari lilitulia zaidi. Lakini Hilux za kazi zilizopelekwa Australia na sehemu nyingi za Afrika ziliendelea kupewa ekseli nzima na springi za mabapa, hata katika kizazi kilichofuata. Kwa hiyo kuinama na kuchungulia chini ya bampa huonyesha soko ambalo gari lilitengenezewa kuliko mwaka wake, na kosa la kuliita gari la zamani kwa sababu tu lina ekseli nzima ni la kawaida mno.

Hilux za kizazi cha nne zimepata umaarufu kwa njia za ajabu. Mwaka 1987 jeshi la Chad liliwashinda Walibya kaskazini mwa nchi kwa kutumia pikapu nyepesi, Hilux na Land Cruiser, zilizobeba silaha na kukimbia jangwani kuliko vifaru. Kipindi hicho cha mapigano kikaitwa Vita vya Toyota. Miaka 16 baadaye kipindi cha televisheni cha BBC kiitwacho Top Gear kilichukua Hilux ya dizeli ya 1988, kikaizamisha baharini, kikaichoma moto, kikaiweka juu ya jengo refu lililobomolewa kwa baruti, na bado fundi akaiwasha. Mfano huo unafaa kwa jambo jingine pia. Gari lile ni la 1988 na umbo lake ni la kizazi cha nne, ilhali kizazi cha tano kilizinduliwa Japani Septemba ya mwaka huohuo. Mwaka mmoja, maumbo mawili, na yote ni halali.

Kizazi cha tano kilidumu miaka tisa, na ndicho ambacho mafundi wengi wa Afrika Mashariki walijifunzia kazi. Masafa kati ya tairi za mbele na za nyuma yalirefushwa na mstari wa ubavu ukapewa tumbo kidogo. Badiliko lenye maana kubwa zaidi kwa mwenye gari liko kwenye bodi ya nyuma: kuta zake zilianza kutengenezwa kwa bati moja zima. Kabla ya hapo ziliunganishwa vipande, na maji yakipenya kwenye mishono ile kutu ilianzia humo. Mombasa, Tanga au Unguja, ambako upepo wa bahari hauachi chuma salama, mishono hiyo ndiyo iliyoua bodi nyingi za vizazi vya mwanzo muda mrefu kabla injini haijachoka. Basi anayepapasa ukuta wa bodi na kukosa mshono ana sababu ya kuamini kwamba bodi hiyo si ya kabla ya 1988. Bodi hiyo, si gari hilo, kwani bodi huhamishwa.

Katika uhai wa kizazi hiki ndipo alama ya Toyota ilipobadilika. Nembo ya duara-mviringo tatu zilizoingiliana ilitangazwa Oktoba 1989, na Hilux iliivaa kwenye marekebisho ya 1991. Za kabla ya hapo zina jina TOYOTA lililoandikwa kwa herufi kwenye grili. Ni kipimo kizuri, kwa sharti kwamba grili ni ya asili. Kuna pia pacha la kizazi hiki lisilokuwa na nembo ya Toyota kabisa: kuanzia 1989 Volkswagen iliiunda pikapu hiihii Hannover, Ujerumani, na kuiuza kwa jina la Taro. Ukiacha grili na maandishi, ni Hilux.

Kwa Waswahili, umbo la kizazi cha tano mara nyingi si lile lililotoka kiwandani. Kebini moja iliyouzwa bila bodi ilikwenda moja kwa moja kwa seremala na mchomeleaji. Dar es Salaam ilikuwa na desturi ya zamani ya pikapu zenye mabenchi ambazo abiria walikaa wakitazamana, zikiitwa chai maharage. Zanzibar daladala za mtindo huo, zenye paa la mbao na pande zilizo wazi, zilidumu zaidi. Wengine walijenga vizimba vya mbuzi, matangi ya maji, au vyuma vya kubebea mbao ndefu kupita juu ya kebini. Gari la namna hiyo haliwezi kutambuliwa kwa nyuma yake hata kidogo, na hapo milango na kioo cha mbele ndivyo vinavyobaki kuwa mashahidi.

Kizazi cha sita kilikuja 1997, kikiwa na pembe zilizolainishwa tena. Thailand kiliuzwa kwa jina la Tiger, na jina hilo likasafiri na magari yenyewe. Kwa Hilux zinazovuta tairi zote nne, ekseli nzima ya mbele iliachwa hata katika baadhi ya masoko yaliyokuwa yameing'ang'ania: mikono huru na fito za kujisokota zikawa ndiyo kawaida. Mafundi wa zamani walilalamika, nao hawakukosea kabisa, kwa kuwa mpangilio mpya una viungo na mipira mingi ya kukaguliwa. Dizeli ya lita 3 iitwayo 5L, isiyo na tabo wala kompyuta ya kusumbua, ilikuwa moyo wa nyingi zilizofika Afrika, na sifa yake ilibaki hata bodi zake zilipopitwa na wakati. Mwaka 2001 uso ulibadilishwa. Taa zikawa kubwa na grili ikapanuka. Mwaka 2004 Hilux ikaondolewa katika soko la Japani.

Agosti mwaka huo kizazi cha saba kilizinduliwa Thailand kwa jina la Vigo. Gari lilikuwa sehemu ya mpango wa Toyota wa kuunda pikapu, Innova na Fortuner juu ya msingi mmoja, nje ya Japani, kwa ajili ya nchi nyingi kwa mpigo. Viwanda vikuu vilikuwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Kwa kuwa halikuundwa tena kwa ajili ya barabara na kodi za Japani, gari lilipanuka waziwazi na dabo kebini ikavuka mita 5 kwa urefu. Injini za dizeli sasa zilikuwa na tabo na mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta: 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3. Afrika na masoko mengine zilianza kuipata 2005. Tofauti ya Vigo na Tiger haihitaji utaalamu. Hata mtoto anaziona. Ugumu uko ndani ya Vigo yenyewe.

Vigo ilirekebishwa 2008 kidogo, na 2011 kwa kiasi kikubwa. Katika marekebisho ya pili boneti, taa, grili, bampa na mabawa ya mbele vilibadilika, na Thailand gari likaitwa Vigo Champ. Lakini kebini, milango na paa havikuguswa, na kwa sababu hiyo uso wa 2012 unaingia kwenye gari la 2005 kwa kubadili vipande vinavyofungwa kwa bolti. Ikazuka biashara nzima, Bangkok kwanza na baadaye kila penye Vigo, ya kuuza seti kamili za kugeuza sura. Kwa yenyewe si uhalifu. Mwenye gari ana haki ya kulipamba. Tatizo huja siku ya kuuza. Uso mpya juu ya kebini ya zamani husaliti kwa ndani: dashibodi na redio za miaka ya mwanzo, usukani wa zamani, na vibandiko vya mikanda ya siti ambavyo mara nyingi vimechapwa tarehe ya kutengenezwa. Vioo vya milango navyo vina alama za kiwanda. Kioo kimoja kikitofautiana na vingine, kimevunjwa na kubadilishwa, lakini vyote vikikubaliana kwa mwaka wa zamani kuliko uso, uso ndio mgeni.

Umbo jingine la Vigo linalopotosha ni Prerunner. Ni pikapu iliyoinuliwa kama ile inayovuta tairi zote nne, yenye tairi kubwa na mwonekano wa porini, lakini inavuta za nyuma tu. Thailand ilipendwa kwa sababu ilipita kwenye mafuriko na mashamba bila gharama ya mfumo mzima. Kimo cha gari hakithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni difu ya mbele na shafti zake, na ndani ya kebini fimbo au swichi ya kuiunganisha.

Umri wa gari una uzito wa fedha na sheria katika eneo hili, na hilo limeongeza umuhimu wa kuutambua. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikupiga marufuku, ila hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Hapa historia ya masoko inasaidia kuliko macho. Kwa kuwa Hilux haikuuzwa katika soko la ndani la Japani kati ya 2004 na 2017, Vigo iliyotumika inayofika Mombasa au Dar es Salaam ikiwa na usukani wa kulia kwa kawaida ilianza maisha Thailand, Uingereza, Australia au Afrika Kusini. Anayeitangaza kuwa gari la Kijapani lililotunzwa na mzee mmoja wa Osaka anasimulia hadithi tamu.

Kizazi cha nane kilizinduliwa Mei 2015, Bangkok na Sydney siku moja. Thailand kiliitwa Revo. Dabo kebini yake ina urefu wa mita 5.33 na upana wa mita 1.855, na injini za dizeli ni za familia ya GD, lita 2.4 na 2.8. Taa za mbele ni nyembamba na zinaungana na grili kama mstari mmoja. Ubavuni karatasi ya bati imekunjwa juu ya matairi kwa nguvu kuliko Vigo. Afrika Kusini ilianza kukiuza Februari 2016, kwa hiyo Hilux ya 2015 inaweza kuwa Vigo au Revo kutegemea ilikotoka. Mwishoni mwa 2017 matoleo ya juu yalipewa grili kubwa yenye pembe sita, na Juni 2020 uso ulibadilishwa tena ukawa mpana zaidi. Biashara ya kugeuza sura ilihamia huku bila kuchelewa. Novemba 2025 kizazi cha tisa kilitangazwa Bangkok kwa jina la Travo, nacho kimeiacha nembo ya duara-mviringo kwenye grili na kurudia jina TOYOTA kwa herufi. Kipimo cha 1991 kimepoteza nguvu yake.

Baada ya macho kumaliza kazi yao hubaki maandishi, nayo yana mitego. Kadi ya gari mara nyingi huonyesha mwaka wa usajili wa kwanza, ambao unaweza kuja miezi mingi baada ya gari kuundwa ikiwa gari lilikaa kwenye yadi ya muuzaji. Herufi za namba ya usajili za Kenya au Tanzania huonyesha lini gari liliandikishwa nchini, si lini liliundwa. Marekani kuna hesabu ya tatu: gari linalotoka kiwandani mwishoni mwa mwaka huuzwa kama toleo la mwaka unaofuata, na tangu 1981 mwaka huo wa toleo huandikwa katika nafasi ya kumi ya namba ya tarakimu 17. Sharti hilo la nafasi ya kumi ni la sheria ya Marekani, na Hilux iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika si lazima ilifuate, kwa hiyo kusoma mwaka katika nafasi hiyo kwa kila gari ni kujidanganya.

Zinazoaminika zaidi ni herufi za mwanzo. Namba ya tarakimu 17 ikianza na MR0 gari liliundwa Thailand; AHT ni Afrika Kusini, 8AJ ni Argentina, na JT ni Japani. Namba ya modeli, inayopatikana kwenye kibati cha taarifa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, huanza na herufi za injini. RN na YN ni petroli za zamani, LN ni dizeli ya familia ya L, RZN ni petroli za miaka ya 1990 na kuendelea, KUN ni Vigo ya dizeli ya KD, TGN ni ya petroli ya lita 2 au 2.7, na GUN ni Revo ya dizeli. Tarakimu zinazofuata hutaja kizazi na mfumo wa mwendo: LN106 ni ya kizazi cha tano inayovuta tairi zote nne, KUN26 ni Vigo ya lita 3 ya namna hiyohiyo. Wauza spea wa zamani huomba namba hii kabla ya kuuliza mwaka, na wana sababu, kwa kuwa mwaka huweza kuwa wa maumbo mawili lakini namba ya modeli ni ya umbo moja.

Namba ya chesisi yenyewe imepigwa kwenye chuma cha chesisi, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Inapaswa kuwiana na kibati na kadi. Isipowiana na injini, maelezo ya kawaida ni kwamba injini imebadilishwa: LN iliyofungwa petroli, au RZN iliyopewa 5L kwa sababu mwenyewe alichoka na gharama ya mafuta. Mabadiliko hayo yameenea na hayana ubaya yakiandikishwa, mradi namba ya injini kwenye kadi ibadilishwe pia. Namba ya chesisi iliyokwanguliwa, au iliyopigwa kwa herufi zisizokaa kwenye mstari mmoja, ni jambo jingine kabisa, na mnunuzi hulipeleka gari polisi likaguliwe kabla ya kutoa fedha.